Aliyeondoka Haitwi

Yekosofati hakuzaliwa mtu wa ndege. Alizaliwa Wanyange, mtoto wa mvuvi, akaingia nyumba ya Jitendra pale Jinja akiwa mfagia ua. Akapanda akawa muosha motokaa, akapanda tena akawa dereva wa lori la pamba, na hapo angetulia hadi uzee wake kama si bwana mdogo Pankaj kurudi kutoka Nairobi mwaka wa hamsini na tano. Wenzake walikuwa wakirudi kutoka Nairobi na gramafoni, au saa ya mkononi yenye kung'aa. Yeye karudi na ndege! Ndege ya viti vinne, injini moja, kuukuu lakini imepakwa rangi mpya ya maziwa. Mzee Jitendra akashika kichwa, mama Bhagwati akalia, kisha wote wawili wakaenda kuitazama na wakaipenda. Kesho yake Yekosofati akaambiwa aache lori, yeye sasa ndiye mtu wa ndege.

Kazi yenyewe haikuwa na siri. Kuisukuma itoke bandani, kuiosha, kuitia petroli kwa kuichuja na kipande cha ngozi laini, kufukuza mbuzi wa watu uwanjani. Na jioni, kufunga mfuko.

Chini ya bawa la kushoto palikuwa na kibomba chembamba kilichotazama mbele. Upepo ukiingia mle ndipo mshale wa mwendo unapopanda, na rubani akajua ndege inakimbia kiasi gani. Sasa Jinja kuna nyigu wa matope, wadudu wasio na adabu, wakiona tundu lolote wanajenga. Ndiyo maana kibomba kilivikwa mfuko kila jioni, mfuko mdogo mwekundu wenye utepe mrefu ili uonekane. Hemlata, dada yake Pankaj, ndiye aliyeushona.

Kufunga kulikuwa kazi ya Yekosofati. Kufungua kulikuwa kazi ya rubani, na hilo lilikuwa sheria. Siku moja ya mwanzo Yekosofati, kwa kutaka kusaidia, aliufungua mwenyewe akautia mfukoni, na Pankaj akawaka. "Mwalimu wangu Nairobi alinifundisha," alisema, "rubani anazunguka ndege yake mwenyewe. Anaona kwa jicho lake, anagusa kwa mkono wake. Ukiutoa wewe, mimi nitajuaje?" Maneno ya akili hayo, tumpe haki yake. Tangu siku hiyo kila asubuhi Pankaj alizunguka ndege, akaufungua mfuko, akamtilia Yekosofati mkononi, naye akautundika kwenye msumari wa banda. Mwaka mzima walifanya hivyo bila kukosa.

Nyumba ile nayo ilikuwa na sheria zake, na kubwa kuliko zote ilikuwa hii: mtu akishaondoka safari, haitwi kwa nyuma. Ni mkosi. Umeikata safari yake. Mwaka wake wa kwanza Yekosofati alimwita mzee Jitendra barabarani kwa sababu alisahau mwavuli, basi mzee akarudi hadi ndani, akaketi, akanywa maji, akangoja, akaanza safari upya, na mama Bhagwati akamsema Yekosofati siku tatu. "Kama iko na neno," alimwambia kwa Kiswahili chake cha jikoni, "wewe kimbia, pita yeye, simama mbele ya macho yake. Nyuma hapana!" Yekosofati akacheka moyoni. Lakini miaka kumi na minne si mchezo. Mwisho hata kwake Wanyange akawa hamwiti mtu kwa nyuma, na mkewe Nabirye akimcheka.

Basi asubuhi ile ya Februari mwaka wa hamsini na sita, Pankaj alikuwa ampeleke Hemlata Mbale. Msichana alikuwa na miaka kumi na tisa, amechumbiwa na watu wa Mbale, na siku hiyo ukoo wa mchumba ulitaka kumwona. Kwa kalenda yao Wahindi saa njema ya kuondoka ilikuwa inakwisha saa tatu na robo. Na Pankaj, kama kawaida yake, alilala hadi saa mbili na nusu.

Hemlata alikuja uwanjani amevaa sari ya kijani, bangili hadi kwenye viwiko, anaogopa na anacheka. "Yeko," akasema, "nikiogopa huko juu nitamwambia anishushe Busiu njiani, nipande basi."

"Ukishuka Busiu, dada, watakuuzia mahindi ya kuchoma, usahau bwana harusi," Yekosofati akamjibu, na msichana akacheka hadi akafunika mdomo. Yekosofati alimpenda yule mtoto. Alimjua tangu ana miaka mitano, alimbeba mabegani kumvusha matope.

Pankaj akaanza kuzunguka ndege. Aligusa rafadha, akagusa bawa la kulia, akatikisa mkia. Alikuwa anakuja upande wa kushoto, hatua tano au sita zimebaki, mama yake alipopiga kelele kutoka kwenye motokaa, "Pankaj! Saa inapita!" Akaacha palepale akaenda. Mama akampaka rangi nyekundu kwenye paji la uso, akamlisha kijiko cha maziwa ya mgando na sukari, na Hemlata naye vilevile. Mzee Jitendra akavunja nazi mbele ya gurudumu. Saa tatu na dakika kumi na mbili.

Pankaj hakurudi upande wa kushoto. Alikwenda moja kwa moja mlangoni.

"Bwana mdogo," Yekosofati akasema, tena kwa sauti ya chini, kwa heshima. "Ule upande umemaliza?"

Sasa hebu ona ujana. Mbele ya baba yake, mbele ya mama, mbele ya madereva wawili waliokuja kutazama, Pankaj akageuka uso umemwiva. "Wewe shenzi ndiye utanifundisha kurusha ndege? Kazi yako kusukuma. Sukuma!"

Madereva wakacheka. Mtu mwenye miaka arobaini na mbili, baba wa watoto watano, akainama akatoa vigingi vya magurudumu, na masikio yake yalikuwa ya moto. Hakwenda kutazama upande wa kushoto. Angekwenda siku nyingine yoyote. Siku hiyo alijiambia, vema, mimi ni wa kusukuma, nimesukuma.

Injini ikawaka. Ndege ikaanza kwenda polepole kuelekea mwisho wa uwanja, ambako ingegeuka ipate upepo wa usoni. Ikawapa mgongo. Na chini ya bawa la kushoto Yekosofati akaona utepe mwekundu unapepea.

Mkono wake ulipanda wenyewe. Kinywa kikafunguka. Lakini mama Bhagwati alikuwa amesimama ubavuni mwake, akauona ule mkono, akaukamata kwa mikono yake miwili. "Hapana!" akamwambia, macho yamemtoka. "Hapana ita nyuma, Yeko! Hapana!" Akamshika hadi mkono ukashuka. Kisha akamwachia, akajifunika uso kwa ncha ya sari, akaenda zake kwenye motokaa asitazame, maana kwao ni mkosi mama kukitazama chombo hadi kipotee.

Hapo pana jambo la kusemwa wazi, kwa sababu ndilo lililomla Yekosofati. Ndege ilikuwa bado haijafika mwisho wa uwanja. Ilifika, ikageuka, ikasimama, injini ikapiga kelele ya kujaribiwa. Dakika mbili, labda tatu. Mkono wake ulikuwa huru. Miguu yake ilikuwa mizima. Angeweza kukimbia hadi katikati ya nyasi, akasimama mbele ya macho ya rubani, kama mama mwenyewe alivyomfundisha, akapunga shati lake. Alilifikiria hilo. Na moyo ukamwambia: mwache. Ndege ikianza kukimbia ataona mshale haupandi, atasimama, atashuka mbele ya baba yake na mbele ya madereva, aje aufungue mfuko kwa mkono wake mwenyewe. Tuone nani atacheka.

Akakunja mikono kifuani. Ndege ikaja, ikawapita kwa kishindo, utepe umenyooka. Haikusimama. Ikapanda, ikapita juu ya miti, ikaelekea mashariki.

"Ee Mungu wangu," Yekosofati akasema, na sasa ndipo akakimbia, akakimbia nyuma ya ndege iliyokwisha kupaa hadi pumzi ikamwishia. Wale madereva walidhani anafanya mzaha.

Ndege haikuwa na redio. Alirudi bandani akakaa juu ya debe la petroli, anajiambia Pankaj atageuza, akiona mshale umelala lazima atageuza. Baada ya robo saa akatoka kutazama mbingu. Baada ya nusu saa akaacha kutazama.

Simu ililia nyumbani kwa Jitendra saa nne na nusu.

Walikwenda kwa motokaa, mzee Jitendra mwenyewe kwenye usukani, mama pembeni yake, Yekosofati nyuma. Njia ile ya Tororo ilikuwa vumbi tupu. Walipopita Busiu wanawake walikuwa wanauza ndizi na mahindi kando ya barabara kama siku zote, na Yekosofati akaziba macho kwa kiganja. Aliomba. Aliomba iwe mguu, iwe mkono, iwe chochote kinachofungwa bandeji. Simu ilikuwa imesema tu, ajali, njooni.

Hemlata alikuwa amekufa pale pale.

Aliyewaeleza ni polisi mmoja, Afande Gaster, mtu mrefu wa kaskazini aliyewekwa uwanjani siku hiyo kuzuia watu na ng'ombe. Uwanja wa Mbale ulikuwa wa nyasi, upande wa kwenda Nakaloke, mfupi, na mwishoni kuna kichuguu. "Ilikuja mara ya kwanza mbio sana," Gaster akasema, akionyesha kwa kiganja. "Ikapita juu yetu bila kugusa, ikarudi mbinguni. Mara ya pili ikaja polepole. Polepole kabisa. Mimi nikasema, hii sasa inataka kusimama huko juu? Basi bawa moja likaanguka, hili la kushoto, na yote ikafuata. Ilipiga kichuguu ikapinduka." Akavua kofia. "Yule dada alikuwa upande ule, bwana. Pole sana."

Ndege ikipungukiwa na mwendo hewani haishuki, huanguka. Rubani asiyejua mwendo wake ni kipofu anayeshuka ngazi. Pankaj aliona mshale umelala tangu miti ya Jinja, mwenyewe alikiri baadaye. Akafikiri umeharibika. Hakutaka kurudi, kwa sababu watu wa Mbale walikuwa wakingoja na kwa sababu kurudi ni mkosi, akasema atashuka kwa kukisia. Yeye alivunjika bega na mbavu tatu, akapelekwa hospitali.

Yekosofati aliizunguka ile ndege iliyolala chali. Mfuko ulikuwa bado umefungwa, safi, hata vumbi haukupata. Akanyoosha mkono.

"Usiguse," Gaster akasema. "Hiyo kitu ni ya nini?"

Angeweza kusema hajui. Lakini alikuwa amechoka, na uongo mzuri huhitaji nguvu. "Ni mfuko wa kuzuia wadudu, afande. Unatolewa kabla ya kuruka."

"Na nani anatoa?"

"Rubani."

Gaster akaandika.

Walimchoma Hemlata jioni hiyohiyo, kwa desturi yao, na wanaume tu ndio walioenda. Yekosofati alisimama mbali kwenye majani, moshi ulipoanza akapiga magoti. Mama Bhagwati alibaki nyumbani kwa ndugu zao wa Mbale, na watu walisema hajalia. Amekaa ukutani na bangili za mtoto, anazihesabu, halii.

Siku ya tatu, wakiwa bado Mbale, Gaster akaja kumchukua Yekosofati. Pankaj alikuwa amepata fahamu vizuri, na maneno yake ya kwanza kwa Mzungu mkaguzi wa ndege yalikuwa haya: kufunga na kufungua ule mfuko ni kazi ya mtumishi. Mtumishi alisahau.

"Mimi sikuamini," Gaster alimwambia njiani. "Lakini yeye ni bwana na wewe ni wewe. Mtu amekufa. Wakikuona na kosa, ni jela, tena ya miaka."

Wiki mbili alikaa rumande Mbale. Mzee Jitendra alikuja mara moja. Alikuwa amezeeka ghafla, mashati yanamning'inia. Alimwambia Yekosofati kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko fimbo, "Yeko, umekula kwangu miaka kumi na minne. Binti nimempoteza. Sema tu kwamba ulisahau. Kusahau ni ubinadamu, watakuhurumia. Nisaidie nisimpoteze na huyu."

"Na watoto wangu, mzee?"

"Watakuwa watoto wangu."

Yekosofati akampa mgongo. Usidhani alimchukia. Alimwonea huruma, na wakati huohuo alitaka kumtemea mate. Vyote viwili kwa pamoja.

Siku iliyofuata akaja Nabirye, kwa basi kutoka Jinja, na matoke yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba. Nabirye hakuwa mwanamke wa kuzungushwa. Aliketi chini, akamngoja ale matonge mawili, akauliza, "Uliuona ule mfuko kabla ndege haijaruka?"

"Niliuona."

"Bambi, maskini! Sasa kwa nini hukupiga kelele?"

Hapo ndipo mahali. Mtu anaweza kumwambia mkewe kitu chochote, na kama angemwambia Nabirye ukweli wote, Nabirye angemtukana, angelia, kisha angeubeba pamoja naye. Lakini alikuwa amekonda, ana ndevu za rumande, na yule ndiye mtu pekee duniani aliyekuwa bado anamtazama kama mtu mwema.

"Mama Bhagwati alinishika mkono," akasema. "Nilitaka kuita, akanishika. Si unaijua ile desturi yao?"

"Alikushika?"

"Kwa mikono miwili."

Hakuna hata neno moja la uongo hapo. Nabirye akasimama, akajifunga kanga kiunoni, hakungoja hata kuaga. Aliuliza njia hadi nyumba ya wale ndugu wa Jitendra, akagonga mlango wa mbele, sio wa jikoni, na akasema alichokuja kusema. Yekosofati alilijua hilo siku ya baraza la uchunguzi tu, na wakati huo lilikuwa limekwisha kuota mizizi.

Baraza lilikaa katika chumba cha ofisi ya serikali Mbale, madirisha wazi, joto la kuua. Mzungu mkaguzi mezani, karani wa kutafsiri kando yake, Gaster mlangoni. Pankaj alitoa ushahidi wake akiwa na mkono shingoni. Alisema kwa sauti ndogo, bila kumtazama Yekosofati, kwamba mfuko ni kazi ya mtumishi. Kisha akaitwa Yekosofati. Akasema kufunga ni kazi yake, kufungua ni kazi ya rubani, na akaeleza ile siku alipokemewa kwa kuufungua. Mzungu akaandika sana.

"Siku ile uliona kama mfuko umetolewa?"

"Niliuona haujatolewa, bwana. Ndege ilipokuwa inaondoka."

Mzungu akaweka kalamu chini. "Uliuona? Na hukuwaita?"

Yekosofati alisimama pale. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wanasema, lakini ulimi wake haukujikwaa, uligoma kabisa. Akilini alikuwa anauona uwanja, na ndege imesimama kule mwisho inanguruma, na yeye amekunja mikono. Aseme nini? Kwamba alitaka kumwona kijana anaaibika? Mzungu akarudia swali. Karani akarudia kwa Kiswahili, taratibu, kana kwamba anasema na kiziwi.

"Mimi!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, kutoka kiti cha nyuma. Mama Bhagwati alikuwa amesimama, amevaa sari nyeupe ya msiba. Mzee Jitendra akamvuta nguo kumketisha, akamwambia kitu kikali kwa Kigujarati. Yeye akautoa mkono wa mumewe, wala hakuongea Kigujarati. Alitaka kila mtu asikie.

"Mimi nashika yeye," akasema. "Yeye nataka kuita Pankaj. Mimi naona mkono yake napanda. Mimi nashika na mikono mbili, nasema hapana ita nyuma, ni mkosi. Yeye naona ile kitu nyekundu, mimi hapana ona. Mimi nafunga mdomo yake." Akapumua. "Na kazi ya kutoa si yake. Ni ya mtoto yangu. Kila siku Pankaj natoa. Siku ile mimi naita yeye, nasema saa napita, nakuja, nasahau. Sasa andika."

Pankaj alikuwa ameinamisha kichwa hadi kidevu kikagusa bandeji. Baba yake alikuwa anatazama ukuta.

Mzungu alingoja karani amalize, akamgeukia Yekosofati. "Ni kweli? Alikuzuia?"

Hapo njia zilikuwa mbili, na zote alizijua. Angeweza kusema, alinishika, bwana, lakini aliniachia, nami nilikuwa na dakika tatu za kufanya nilichotaka. Hata jela pengine asingefungwa, maana rubani alikwisha kuonekana na kosa lake. Ila kila mtu angejua. Nabirye angejua, amekaa pale mstari wa pili, shingo juu, macho yanameremeta kwa ushindi. Na yule mama angekwenda nyumbani na nusu ya mzigo badala ya mzima.

"Ndiyo, bwana," Yekosofati akasema.

Mkaguzi akatoa uamuzi wake saa nane mchana. Kuzunguka ndege ni wajibu wa rubani na hauwezi kuachiwa mtumishi. Pankaj akanyang'anywa cheti chake cha urubani, na kesi yake ikapelekwa mbele. Yekosofati akaambiwa ni huru, aende. Gaster akampa mkono mlangoni, akamwambia, "Una bahati, ndugu yangu. Wahindi wengi wasingesema."

Nabirye alimshika kiwiko wakatoka uani pamoja. Alikuwa anaongea, anaongea, kuhusu basi, kuhusu watoto, kuhusu jinsi mlango wa mbele ulivyofunguliwa na yeye akasimama imara. "Nilimwambia usoni," akasema. "Hakujua. Alinitazama tu, akaniuliza, nyekundu? Halafu akakaa sakafuni." Yekosofati alisikiliza.

Motokaa ya Jitendra ilikuwa kivulini, mzee na mwanawe wamekwisha kuingia. Mama Bhagwati hakwenda kwenye motokaa. Alivuka ua, jua kali, sari inaburuzika vumbini, akaja akasimama mbele ya Yekosofati. Akaunganisha viganja vyake kifuani, kama wafanyavyo mbele ya miungu yao. Mikono ileile.

"Yeko," akasema. "Mimi naua Hemlata. Halafu naacha wewe nakaa jela bure, wiki mbili, mimi hapana sema. Wewe samehe mimi."

Watu walikuwa wanatazama. Karani alikuwa dirishani. Yekosofati alifungua kinywa, na kwa kitambo, kitambo kirefu, alidhani atasema. Maneno yalikuwepo, yamepangwa: mama, uliniachia. Hayakuhitaji zaidi ya pumzi moja. Alimtazama usoni, akaona jinsi macho yalivyoingia ndani, na akaona kwamba ameliamini lile jambo lote, kwa moyo wake wote, na ataliamini hadi siku atakayokufa.

"Jibu, mume wangu," Nabirye akamnong'oneza, sauti imelainika. "Mama wa watu anakuomba."

"Nimekusamehe, mama," Yekosofati akasema.

Mama Bhagwati akamshukuru. Akainama akamgusa miguu, mwanamke yule aliyekuwa akimsema kwa ajili ya mwavuli, akamshukuru mara ya pili, na hapo ndipo akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kisha akaenda kwenye motokaa, akasimama pembeni yake akingoja, na waliokuwa ndani hawakumfungulia mlango.